Edward Saidi Tingatinga: Mchoraji aliyewatoa wanyama porini akawapeleka kuta za ughaibuni

MSAFIRI anayetoka Dar es Salaam kwenda mikoa ya kusini huvuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, kisha hupita Chumbi kabla ya kuingia katika Wilaya ya Kilwa. Magharibi mwa barabara hiyo kumetanda mapori yaliyokuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous, ambalo eneo lake kubwa lilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019.

Kwa wakulima wa bonde la Rufiji, tembo, kiboko na simba si mapambo. Ni majirani wanaokesha wakiwalinda wasiingie shambani. Kati ya mwaka 2002 na 2004, simba waliwaua zaidi ya watu 30 wilayani humo, na mmoja wao akapachikwa jina la Osama kabla ya kuuawa mwezi Aprili 2004.

Wanyama haohao, hata hivyo, wana sura nyingine kabisa katika maduka ya sanaa ya Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi. Humo chui ana madoa yaliyopangwa kama shanga, tembo ana macho ya binadamu, na ndege wa rangi tano wametua juu ya mti mmoja.

Picha hizo huitwa tingatinga. Wengi hudhani jina hilo limetokana na lile trekta kubwa la kusukuma udongo, lakini ukweli ni kwamba ni jina la mtu, marehemu Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa kusini aliyechora kwa takriban miaka minne tu, akafa kwa risasi mwaka 1972.

MTOTO WA DINI MBILI

Maelezo mengi yanataja kuwa Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika Wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma. Baba yake alikuwa Mngindo na Mwislamu, na mama yake alikuwa Mmakua na Mkristo. Ndiyo maana akabeba majina yote mawili, Edward na Saidi, na hakuona sababu ya kulitupa moja.

Wangindo ni watu wanaopatikana Liwale, Kilwa, Tunduru na hata kusini mwa Rufiji. Historia yao imefungamana na wanyama kwa namna ya uchungu. Katika miaka ya 1940, serikali ya kikoloni iliwahamisha wengi wao kutoka vijiji vyao vya Liwale, kwa sababu iliyotajwa kuwa ni ugonjwa wa malale, na ardhi waliyoiacha ikaingizwa katika Pori la Selous. Palipokuwa na mashamba na makaburi ya wazee pakawa makazi ya tembo.

Elimu ya Tingatinga haikufika mbali. Alisoma madarasa machache ya shule ya misheni, na baada ya hapo akabaki na jembe, kama vijana wengi wa rika lake.

Kusini ya wakati ule ilikuwa mbali na kila kitu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wasafiri wa barabara ya Kilwa walivushwa Rufiji kwa pantoni, na masika yalipokolea safari ilikwama kwa siku nyingi. Kijana aliyetaka fedha ya kodi na nguo alilazimika kwenda mbali kuitafuta, na kwa maelfu ya watu wa kusini njia hiyo iliishia katika mashamba ya mkonge.

Tingatinga naye akafuata mkumbo huo. Katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga, akafanya kazi ya kibarua katika mkonge, na baadaye akahamia Dar es Salaam kutafuta maisha yaliyo bora zaidi.

JIJI NA KUTA ZA WAGENI

Jijini alifanya kila kazi iliyopatikana. Alitumika nyumbani kwa ofisa wa Kiingereza, akafanya vibarua vya ujenzi, akapiga muziki, na baadaye akaajiriwa katika Hospitali ya Muhimbili. Makazi yake yalikuwa Msasani, jirani kabisa na Oysterbay, mtaa uliojengwa kwa ajili ya maofisa wa kikoloni na ambao, baada ya Uhuru wa mwaka 1961, ulikaliwa na mabalozi, wataalamu na watu wa mashirika ya misaada kutoka Ulaya na Marekani.

Tofauti ya mitaa hiyo miwili ndiyo iliyomfungulia mlango. Upande mmoja walikuwapo watu wasio na kazi ya kudumu, na upande wa pili walikuwapo wageni wenye fedha, waliotaka kurudi kwao na kitu cha kuikumbuka Afrika.

Wachonga vinyago wa Kimakonde walikwisha kuligundua soko hilo. Wachoraji kutoka Congo nao walikuwa wakipitisha picha zao katika mitaa ya Dar es Salaam, na wageni wakizinunua. Tingatinga aliziona picha hizo, akapima, akaamua kwamba hata yeye anaweza.

Mwaka 1968 hivi akaanza. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, vitu vilivyokuwa ghali na adimu. Alinunua hadibodi za kuezekea dari, akazikata vipande vya mraba vya kiasi cha futi mbili kwa mbili, akatumia rangi za mafuta za kupaka baiskeli. Kila kilichohitajika kilipatikana katika duka la vifaa vya ujenzi.

Umaskini huo wa vifaa ndio uliozaa mtindo. Rangi ya baiskeli hung'aa na haichanganyiki kirahisi kama rangi za wasanii wa Ulaya, hivyo mchoraji alilazimika kuweka rangi safi kando ya rangi safi. Aliipaka hadibodi yote rangi moja, akamchora mnyama mmoja mkubwa akijaza nafasi karibu yote, kisha akamalizia kwa madoa, majani na ndege wawili watatu.

CHEMCHEMI YA PICHA

Swali ambalo wataalamu wa sanaa wamelijadili kwa miongo kadhaa ni hili: wanyama wale walitoka wapi?

Wapo wanaosema walitoka kijijini. Kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji kulikuwa na desturi ya kupamba kuta za udongo za nyumba kwa michoro ya watu na wanyama. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyezunguka nchi ya nyuma ya Lindi mwaka 1906, alirudi kwao na michoro ya wenyeji wa huko. Kwa hoja hii, Tingatinga aliuhamisha ukuta wa kijijini akauweka kwenye hadibodi.

Wengine wanasema walitoka sokoni. Mgeni wa Oysterbay alitaka simba, twiga na tembo, kwa kuwa hiyo ndiyo Afrika aliyoifuata, na mchoraji mwenye njaa akampa alichokitaka. Kwa hoja hii, picha zile zinaeleza zaidi ndoto za Wazungu kuliko maisha ya Wangindo na Wamakua.

Ukizitazama kazi zake mwenyewe, hoja zote mbili zina ukweli, na hakuna hata moja inayotosha. Ni kweli alichora ili auze, na hakulificha hilo. Lakini chui na fisi wake si wa kalenda ya watalii. Wanamkodolea macho mtazamaji, wana meno, wana hila. Ni wanyama wa mtu aliyekulia mahali ambapo fisi huhusishwa na uchawi na simba ni habari ya msiba.

Wala hakuchora wanyama peke yao. Alichora pia watu, na shughuli zao za kila siku. Lakini wanyama ndio walionunuliwa zaidi, na soko lina njia yake ya kumwelekeza fundi mkono.

Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, eneo la maduka la Oysterbay, na mkewe, aliyemuoa mwaka 1970, alishiriki katika biashara hiyo. Mahitaji yalipoongezeka akawaita ndugu na jamaa wa kusini wamsaidie. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwamo January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata. Shirika la umma la sanaa, NACO, nalo likaanza kuzinunua kazi zake.

Kwa mara ya kwanza maishani, kibarua wa mkonge alikuwa na kipato cha uhakika na watu waliomtegemea.

RISASI YA USIKU

Haikudumu. Usiku mmoja wa mwaka 1972, Tingatinga alikuwa ndani ya gari jijini Dar es Salaam, askari polisi wakalidhania kuwa ni la wahalifu wanaotoroka. Wakafyatua risasi. Mchoraji akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 40 hivi, akiacha mjane na watoto wawili wadogo.

Wengi walitegemea kwamba ufundi ule ungezikwa pamoja naye. Kinyume chake, wanafunzi waliendelea kuchora palepale, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakasajili chama chao cha ushirika, Tingatinga Arts Cooperative Society. Mpata alihamia Nairobi, akafariki mwaka 1984, na sifa zake zikavuma Japani kiasi kwamba hoteli moja ya kitalii Maasai Mara ikapewa jina lake.

Mtindo nao ukapanuka. Mahali pa mnyama mmoja pakaja vijiji vizima, masoko, hospitali, mabasi yaliyojaa abiria na Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2010 ukaingia hata katika televisheni za Ulaya kupitia katuni za watoto za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi.

Faida ya umaarufu huo kwa familia ya mwanzilishi ni suala jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya sanaa katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, muda wa ulinzi wa picha za Tingatinga ulikwisha mwaka 2022. Mtindo wenyewe, yaani namna ya kuchora, haulindwi na sheria ya hakimiliki, na jina limekwisha kuwa la kila anayechora chui mwenye madoa.

Kazi zake halisi, zilizotiwa saini ya E. S. Tingatinga, ni chache, na nyingi ziko mikononi mwa wageni walioondoka nazo miaka ile. Za bandia zenye saini hiyohiyo nazo zimezagaa. Mtanzania anayetaka kuiona picha ya mkono wa mwasisi wa sanaa inayolitangaza taifa lake duniani atahangaika kuipata nyumbani.

Serikali na wadau wa utamaduni wana deni hapo. Kukusanya hata picha chache za marehemu huyo na kuziweka mahali ambapo mwanafunzi wa Tunduru au wa Chumbi anaweza kusimama mbele yake bila kulipa kiingilio cha mtalii si jambo lililo nje ya uwezo. Watoto hao wanawajua wanyama wale. Wanachokosa ni kumjua aliyewachora.