Augustine wa Hippo: Mwafrika Aliyeichungua Nafsi

Mpenzi msomaji, likitajwa neno mwanafalsafa, pengine mawazo yako hukimbilia Ugiriki. Mimi leo nataka twende kaskazini mwa bara letu hili la Afrika, kwa mtu aliyehangaika maisha yake yote na swali moja: hii nafsi iliyo ndani yetu ni kitu gani hasa? Mtu huyo ni Augustine.

Alizaliwa mwaka wa 354 huko Thagaste, mji ambao siku hizi huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Zamani hizo sehemu hiyo ilitawaliwa na Warumi. Mamake, Monica, alikuwa Mkristo wa kusali bila kuchoka; babake, Patricius, hakuwa Mkristo mpaka karibu na kufa kwake. Kijana alikuwa na akili kali, ingawa Kigiriki kilimchosha na viboko vya mwalimu alivionja! Baadaye alipelekwa Carthage kwa masomo ya juu. Huko aliishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mwana, Adeodatus.

Huko Carthage alijiunga na Wamanikeo. Hawa walifundisha kwamba nuru na giza hupigana tangu mwanzo, na kwamba nafsi ni kipande cha nuru ya Mungu kilichofungwa ndani ya mwili kama mahabusu. Fundisho hilo lilimfaa sana kijana. Akitenda dhambi, eti si yeye, ni lile giza! Alikaa nao kwa muda wa miaka tisa hivi.

Basi kifo kikabisha hodi. Augustine alikuwa amerudi Thagaste kufundisha, na rafiki yake mpenzi akashikwa na homa, akafa. Augustine alilia mpaka akauchukia mji wenyewe. Kila alipotazama aliona mauti tu, na alijiona kama mtu aliyekatwa nafsi nusu. Mafundisho aliyoyashika hayakumfariji hata kidogo. Wenzangu, hapa tutue kidogo. Wengi wetu tumewahi kusimama kando ya kaburi la mtu tuliyempenda. Siku hiyo swali la nafsi si swali la mtihani wa dini tena. Ni swali la kutaka kujua huyu wetu yuko wapi.

Mwaka wa 384 alipata kazi ya ualimu mjini Milan, Italia. Huko alimsikiliza Askofu Ambrose na kusoma vitabu vya wafuasi wa Plato. Kabla ya hapo alidhani kila kilichopo lazima kichukue nafasi, kama vile maji au hewa. Sasa akaona kumbe sivyo. Hebu fumba macho uukumbuke Mlima Kenya. Mlima mzima umo ndani yako, wala kichwa hakijapasuka! Augustine naye aliustaajabia uwezo huu wa kumbukumbu, kubeba milima na bahari bila kujaa. Akaamua kwamba nafsi haina urefu wala upana, na ukubwa wake haupimwi kwa rula.

Alibatizwa Pasaka ya mwaka wa 387 pamoja na mwanawe. Mwaka uo huo Monica akafariki huko Ostia, wakiwa njiani kurudi Afrika.

Hata hivyo, Augustine hakumeza kila kitu cha wanafalsafa. Alishikilia kwamba nafsi si kipande cha Mungu, bali imeumbwa na Mungu; ndiyo sababu inaweza kupotea na pia kurudi. Tena mwili si gereza. Mtu ni nafsi na mwili pamoja, na kwa hivyo Wakristo hungojea ufufuo wa mwili, si nafsi kuruka peke yake kama ndege aliyetoka tunduni.

Lakini swali moja lilimshinda. Nafsi ya mtoto hutoka wapi? Je, Mungu huumba mpya kwa kila mtoto, ama hutoka kwa wazazi kama sura na rangi? Mwaka wa 415, akiwa askofu wa Hippo, alimwandikia msomi Jerome huko Bethlehemu kuomba msaada. Karibu mwaka wa 427, alipovipitia upya vitabu vyake, bado alikiri kwamba hajui.

Mimi namheshimu zaidi hapo. Askofu mzima, mwenye vitabu vingi na wafuasi wengi, angeweza kubuni jibu na watu wakaitikia amina. Hakufanya hivyo. Alichokijua alikitetea, na asichokijua alikiacha wazi.

Aliaga dunia tarehe 28 Agosti 430, akiwa na miaka 75, huku jeshi la Wavandali limeuzingira mji wa Hippo. Sisi tunaobishana mabwenini juu ya roho na nafsi hadi taa zizimwe, tujifunze kwake. Kuuliza si ujinga, na kusema sijui si aibu. Aibu ni kumdanganya mtu anayelia.