Maisha ya watu wakubwa: ERNST CHLADNI, MTU ALIYEONYESHA SAUTI KWA MACHO

Sisi wote tunasikia sauti, lakini nani amekwisha kuiona? Leo tusome maisha ya mtu aliyetafuta namna ya kuionyesha.

Ernst Chladni alizaliwa tarehe 30 Novemba 1756 kule Wittenberg katika Ujerumani, ule mji wa Martin Luther. Baba yake alikuwa profesa wa sheria, mtu mkali sana, naye alitaka mtoto ashike njia ileile. Kijana akatii, akapata diploma ya sheria kule Leipzig mwaka 1782. Mwaka uleule baba akafa. Basi Chladni akaacha sheria, akafuata kile alichopenda: sauti.

Wakati ule wataalamu walikwisha kuhesabu mwendo wa uzi wa violoni, lakini namna bamba linavyotetemeka ilikuwa bado kujulikana vizuri. Chladni alitwaa bamba jembamba la shaba ama la kioo, akalishika katikati, akamwaga mchanga kidogo juu yake, kisha akavuta upinde wa violoni kwenye ukingo. Bamba likalia. Mchanga ukaruka, ukakimbia pahali panapotetemeka, ukajikusanya pale panapotulia. Mistari mizuri ikaonekana, kama nyota na kama duara. Akigusa ukingo kwa kidole pahali pengine, sauti inageuka, na mistari nayo inageuka.

Mwingereza Robert Hooke alikwisha kuona jambo la namna hii kwa unga juu ya kioo, zaidi ya miaka 100 mbele yake. Lakini Chladni njo alilichunguza kwa bidii, akachora picha nyingi katika kitabu chake cha mwaka 1787.

Hata hivyo hakuna chuo kikuu kilichompa kazi. Akazunguka Ulaya kwa gari la farasi, yeye na vyombo vyake, akionyesha majaribio na watu wakilipa. Mwaka 1809 alifika Paris mbele ya Napoléon, naye akampa faranga 6000 ili kitabu chake kitoke kwa Kifaransa. Tena zawadi ikawekwa kwa yule atakayeeleza mistari ile kwa hesabu. Mwanamke Sophie Germain, aliyejifundisha hesabu nyumbani, akajaribu mara tatu, akashinda mwaka 1816.

Chladni akafa kule Breslau tarehe 3 Aprili 1827, lakini kazi yake haikufa. Siku hizi wataalamu wanajenga vitu vya plastiki ama vya chuma, vyenye matundu na nguzo ndogondogo zilizopangwa kwa utaratibu, ili sauti ifuate ukingo tu, na hata ikikuta kona isirudi nyuma. Watajua namna gani kama imepita? Wanaweka kipaza sauti upande mmoja, halafu wanasogeza mikrofoni ndogo hatua kwa hatua, ama wanapima kwa mwanga wa lazeri, mpaka ramani ya sauti ionekane. Ni ulizo lilelile la Chladni: wapi panatetemeka, na wapi panatulia?

Basi, yule anayelia kwamba labo haina mashine akumbuke jambo hili: bamba, upinde na mchanga vilitosha kufungua mlango.