Fundi Konde na deni langu la Jericho

Wiki hii naomba uniwie radhi. Siandiki habari za bandari, wala bei ya unga, wala wanasiasa wetu. Naandika habari za marehemu mmoja wa kwetu Pwani ambaye mimi nilimjua nikiwa mbali na kwetu, ndani ya nyumba ndogo ya mtaa wa Jericho, Eastlands ya Nairobi. Naandika pia kwa sababu nina deni, na deni halifi kwa kunyamaza.

Mwaka 2000 nilipanda basi kwenda Nairobi kusomea diploma. Pesa ya kupanga chumba sikuwa nayo, nikafikia kwa mjomba wangu, kakake mama, aliyekuwa ameishi Jericho tangu ujanani. Wanaozijua nyumba zile za kaunsili wanajua zilivyo: ndogo, safu kwa safu, ukipiga chafya jirani anakujibu. Upande mmoja Jerusalem, mwingine Maringo na Bahati, na Jumapili vijana wote wamemiminika Camp Toyoyo kutazama mpira. Mjomba hakuubadili mwenendo wake hata kidogo. Jioni alivaa kikoi, akanywa kahawa chungu, akakaa mlangoni na redio yake ya kaseti.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja. Ikipigwa nyimbo ya zamani, sote tunanyamaza. Ikiisha, mjomba anataja mwenyewe ni nani, mzaliwa wa wapi, na yeye mjomba alikuwa wapi alipoisikia mara ya kwanza. Mtangazaji mara nyingi alisema tu kwamba hizo zilikuwa zilizopendwa, kisha akaingia kwenye matangazo ya biashara. Jambo hilo lilimkera mjomba kuliko kelele za matatu. Alishikilia kwamba sisi tumelelewa kuuliza habari imepokewa kutoka kwa nani, basi iweje nyimbo iletwe kama mtoto aliyeokotwa, haina baba wala kwao?

Jina lililotajwa zaidi mlangoni pale ni la Fundi Konde.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 katika nchi ya Wagiriama, Mwabayanyundo, upande wa Kaloleni. Leo ukitoka Mombasa kwa matatu unafika huko kabla jua halijawa kali. Enzi hizo kulikuwa mbali, na kijana wa huko hakutarajiwa kuwa nyota wa kitu chochote. Mjini Mombasa tulikuwa na taarabu yetu, udi na fidla, na fahari yetu kubwa. Mtoto wa Kigiriama mwenye gitaa hakuhesabiwa. Naomba tulikubali hilo, maana ndilo chanzo cha kusahaulika kwake huku kwetu. Tunawakumbuka waimbaji wa harusi zetu kwa majina mpaka ya babu zao, lakini huyu wa mashambani tumewaachia wengine wamkumbuke.

Kisha vita vikuu vya pili vikamchukua. Aliingia King's African Rifles, jeshi ambalo askari wake wazee wetu waliwaita keya, naye akawekwa katika kikosi cha burudani. Msomaji kijana asidhani hiyo ilikuwa kazi ya mchezo. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walikuwa Burma, kwenye msitu, matope ya masika na malaria, wakipigana na Wajapani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivaa alama ya kichwa cha kifaru, na wanamuziki wake wakajulikana kama Rhino Boys. Kazi yao ilikuwa kumfikia askari aliyechoka, asiyejua kama atarudi kwa mkewe, na kumwimbia kwa Kiswahili. Mkamba, Mjaluo, Mnyamwezi na Mgiriama wote walikuwa pale, na lugha iliyowakutanisha ni hii yetu.

Mjomba aliamini kwamba Fundi Konde alijifunzia hapo namna ya kuwaimbia watu wasio wa kabila lake. Mimi naona alikuwa na hoja. Ukisikiliza nyimbo alizotoa baada ya vita, Kiswahili chake ni chepesi na safi, hakimfungii mtu mlango. Mtu wa Kisumu anaelewa, wa Tabora anaelewa, na sisi wenye lugha hatuna la kukosoa.

Vita vilipokwisha alirudi, na kati ya mwaka 1947 na 1956 akarekodi nyimbo ambazo ndizo nguzo ya jina lake. Mama Sowera, Jambo Sigara, Tausi Ndege Wangu, Kipenzi Waniua-ua, Majengo Siendi Tena. Zilitoka kwenye santuri zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, nyimbo moja kila upande, na upande mmoja haubebi zaidi ya dakika tatu hivi. Ukiidondosha imevunjika kama sahani. Kwa hiyo mwimbaji hakuwa na nafasi ya kuzungukazunguka. Fundi Konde aliingia, akasema lake, akalipamba kwa gitaa, akatoka. Wengi humhesabu kuwa wa kwanza Kenya kurekodi kwa gitaa la umeme. Sauti ya gitaa lile si ya kelele. Ni ya mtu anayezungumza polepole akijua atasikilizwa.

Santuri wenye gramafoni ndio walionunua, na hao walikuwa wachache. Redio ndiyo iliyompeleka kwa walio wengi. Mkahawa mmoja ukiwa na redio, mtaa mzima unasikia. Hivyo ndivyo jina lake lilivyofika Pumwani, Kaloleni ya Nairobi, na baadaye Jericho zilipojengwa nyumba zile. Jirani wa mjomba, mzee wa Kijaluo aliyekuwa fundi wa reli, hakuwahi kukanyaga Mwabayanyundo, lakini alizijua nyimbo zile kuliko mimi. Wawili hao walikuwa na ugomvi wa miaka mingi usiokwisha: je, Majengo ya ile nyimbo ni Majengo ya Mombasa au Majengo ya Pumwani? Mjomba aliapa ni ya Mombasa. Jirani alicheka akasema, kama ni ya Mombasa, mbona aliyeapa kutorudi huko ni mjomba mwenyewe, miaka arobaini yuko Jericho? Hapo mkaza mjomba huleta kahawa, na ugomvi huahirishwa.

Kuna upande wa maisha ya Fundi Konde ambao hautajwi sana. Hakuishia kuimba. Miaka ya 1950 aliingia studio kama fundi wa kurekodi, akawa anawarekodi wenzake kwa ajili ya kampuni ya santuri. Fikiria maana yake. Katika miaka ile ya ukoloni, Mwafrika aliruhusiwa kuimba mbele ya maikrofoni, lakini mashine zilikuwa za Mzungu. Yeye alikaa upande wa mashine. Sauti nyingi za wenzake zilipita mikononi mwake kabla hazijafika masikioni mwa wazazi wetu. Jina la fundi wa aina hiyo haliimbwi na mtu.

Kisha mambo yakageuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilikuja twist, bendi za vijana, magitaa ya Kongo. Santuri za 78 zikapitwa na zile nyepesi za 45. Fundi Konde akatoka jukwaani, akakaa kimya miaka mingi. Nyimbo zake ziliendelea kusikika redioni, lakini mwenyewe akawa kama mtu aliyehama bila kuaga. Wasikilizaji wengi, naamini, walidhani amekwisha kufa.

Waliomrudisha ni watoto wa Pwani. Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa familia ya Harrison, hao hao waliotupa Jambo Bwana miaka ya 1980, walihamia Nairobi na kumtafuta mzee. Walimweka mbele, wakapiga nao nyimbo zake upya. Vijana hao wangeweza kuzichukua nyimbo, wakazipiga hotelini kwa watalii, wala mtu asiulize. Wao walimchukua mtu pamoja na nyimbo zake. Mwaka 1994 kampuni ya RetroAfric ya London ikakusanya rekodi zake za zamani katika diski moja, na Wazungu wakaanza kuuliza huyu ni nani. Sisi tulikuwa bado hatujauliza.

Alifariki mwaka 2000, mwaka ule ule niliokuwa Jericho.

Sasa nifike kwenye deni langu. Habari za kifo zilipofika, mjomba hakusema kitu. Aliinuka, akafungua kasha la kaseti, akatoa moja aliyoilinda miaka mingi. Alikuwa ameirekodi mwenyewe kutoka redioni, usiku kwa usiku, akiwinda kila nyimbo ya Fundi Konde iliyopigwa, na baada ya kila nyimbo akaongeza kwa sauti yake jina, mwaka na habari zake. Akaiweka kwenye redio, akabonyeza.

Zikatoka nyimbo mpya za Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyeifuta. Wiki mbili kabla nilitaka kaseti tupu, sikuwa na pesa, nikaona kaseti kuukuu isiyo na maandishi, nikabandika karatasi kwenye vitundu vyake na kurekodi juu yake. Upande mmoja wote ulikuwa umekwenda.

Mjirani alikuwa mlangoni, akatazama chini. Nilingojea kutukanwa. Wallahi ningefurahi kutukanwa. Mjomba aliizima redio, akanituma dukani nikanunue daftari la kurasa 48 na kalamu. Niliporudi aliniketisha, akaanza kunisomea kutoka kichwani: nyimbo, mwimbaji, kwao, aliisikia wapi, alikuwa na nani. Tuliandika mpaka mkaza mjomba akazima taa kwa sababu ya bili. Usiku wa pili tukaendelea. Jirani naye akaja kusahihisha, na kwenye ukurasa wa Majengo Siendi Tena waliniamuru niandike Majengo zote mbili.

Mjomba ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jirani pia. Nyumba za Jericho zimechakaa, na maneno ya kuibomoa mitaa mikongwe ya Eastlands na kujenga maghorofa yamesikika kwa miaka sasa. Siku nyumba ile ikianguka, mlango uliokuwa na kahawa na redio utakwenda nayo. Daftari ninalo mimi, hapa Mombasa, limeliwa na mende pembeni.

Watu husema kizuri chajiuza. Mimi kwa hili sikubali. Nyimbo nzuri hujiuza, kweli, lakini haimbebi mwenyewe. Mama Sowera itapigwa kwenye sherehe hata miaka hamsini ijayo, na atakayeipiga atalipwa, na jina la kijana wa Mwabayanyundo litakuwa limedondoka njiani.

Wenzetu wameliona hili zamani. Kule Marekani kulikuwa na familia ya mashambani ya Virginia, Carter Family, waliorekodi mara ya kwanza mwaka 1927 na baadaye wakajulikana nchi nzima kwa redio. Binti yao Janette alianzisha ukumbi nyumbani kwao kijijini miaka ya 1970. Jumamosi usiku watu hukutana pale, hupiga nyimbo za wazee, na kila mtu anajua ziko kwa nani. Hawakungoja serikali. Walihitaji viti, paa, na mtu mmoja anayekumbuka.

Sisi tunaweza kuanza na kidogo kuliko hapo. Wewe mtangazaji wa redio zetu za Pwani, ukipiga nyimbo ya zamani, taja jina la mwenyewe na kwao. Sekunde tano hazitakufilisi. Wewe mwalimu wa Kaloleni na Rabai, waambie watoto kwamba mtoto wa njia hii hii alikwenda Burma akarudi na gitaa. Wewe mwenye kasha la kaseti za babu, usilitupe, wala usiruhusu kijana wa diploma alifikie kabla hujaziandika majina.

Na mwenye santuri ya Fundi Konde, hata iliyopasuka, au anayezijua habari zake kwa kuzipokea kutoka kwa wazee wake, anitafute kupitia ukumbi huu. Daftari lina kurasa kumi na moja tupu mwishoni. Mjomba aliziacha makusudi, akisema wako wanaojua zaidi yake.