Habari za Semei Kakungulu, Mkuu wa Abayudaya

Ndugu wa sharika za Njombe na Makambako, mwezi huu twawaletea habari za Semei Kakungulu wa Uganda, aliyezaliwa Kooki yapata mwaka 1869. Alipokuwa kijana katika Buganda alifundishwa Maandiko na Waprotestanti, akabatizwa. Baadaye akawa jemadari, akaitiisha nchi ya mashariki chini ya Waingereza, akauanzisha mji wa Mbale. Alitumaini kupewa ufalme huko, asipewe. Toka mwaka 1906 hata 1913 alikuwa mkuu wa Lukiko ya Busoga, baraza la machifu lililoamua mashauri ya watu.

Kisha akarudi Mbale, akajiunga na Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali. Hata huko hakutulia. Akisoma Agano la Kale aliona kwamba amri ya tohara haikufutwa. Basi mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, akajitenga. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi, wakaishika Sabato. Mwaka 1922 akawatolea kitabu cha sala na amri kwa Kiganda. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Kundi lake lilipigwa marufuku zamani za Idi Amin, lakini lipo hata leo.

Sisi twalishika neno la Paulo kwa Wagalatia juu ya tohara, wala hatumfuati katika njia hiyo. Lakini mtu huyu, aliyezoea kuwaamua wengine, alikubali kuamuliwa na Kitabu, ingawa aliachwa na rafiki zake. Je, sisi tulisomao Neno kila Jumapili, twakubali litugeuze?