Cardano, Tabibu Mcheza Kamari

Ukipita Mji wa Kale baada ya laasiri utawakuta wazee barazani na karata zao. Hebu wasikilize: kopa, shupaza, uru, pau, turufu. Kumbe yote hayo ni Kireno, hata neno karata lenyewe! Wareno walituachia pamoja na Ngome ya Yesu, waliyoanza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano kutoka Milan, Giovanni Battista Cairati. Lakini leo nataka kumweleza mtu mwingine wa Milan, aliyetangulia kidogo, Girolamo Cardano.

Alizaliwa mwaka 1501 huko Pavia, karibu na Milan, nje ya ndoa. Jambo hilo lilimfuata. Alifuzu utabibu mwaka 1526, lakini chama cha matabibu wa Milan kikamkatalia kwa sababu ya uzazi wake. Sasa angekula nini? Akashika dadu na karata. Mchezo uliopendwa siku zile Ulaya uliitwa primero: kila mtu hugawiwa karata nne, watu wanaweka dau, na mwoga anazitupa zake.

Aliwahi kugundua, huko Venice, kwamba mwenzake ametia alama karata. Akamkata uso kwa kisu, akabeba pesa zake na kukimbia. Gizani akateleza, chubwi majini!

Mchovya asali ndiye yeye. Aliweka rehani vito vya mkewe, Lucia, na vyombo vya nyumba, hata mwaka 1534 wakaishia nyumba ya maskini. Mimi mwenyewe nimewahi kuliwa nauli ya wiki nzima. Nikaenda shule kwa miguu, na njia nzima nawaza mkono ujao ndio utakaonirudishia. Kwa hiyo Cardano namwelewa. Lakini Lucia ananitia uchungu, maana yeye hakucheza.

Tofauti yake na wacheza kamari wengine ni kwamba alikaa akahesabu. Dadu moja ina nyuso 6. Ukirusha mbili, matokeo yanayoweza kutokea ni 36. Basi kila jumla ina nafasi ngapi? Wenzake walisema ni bahati tu. Yeye aliandika hesabu zake kitabuni, za dadu na za karata, na hizo ni miongoni mwa hesabu za mwanzo za somo la uwezekano linalotusumbua darasani.

Matabibu walimkubali mwaka 1539, na mwaka 1545 kitabu chake cha aljebra kikampa sifa Ulaya nzima. Haikudumu. Mwaka 1560 mwanawe mkubwa alikatwa kichwa kwa kumwua mkewe kwa sumu. Mwaka 1570 mzee akafungwa na Kanisa, ati amepiga falaki ya Yesu. Alifia Rome mwaka 1576.

Kile kitabu cha kamari kilipigwa chapa mwaka 1663, yeye akiwa kaburini miaka 87. Wareno walikuwa bado wamo ngomeni hapa Mombasa.