Padre Gregor Mendel: Mtawa Aliyeisoma Siri ya Mbegu

Mtu anayepanda mbegu ya parachichi nyuma ya nyumba yake hutarajia kula tunda kama lile lililompatia mbegu hiyo. Miaka inapita, mti unazaa, na mara nyingi tunda huwa dogo zaidi au lenye ladha nyingine. Jirani yake aliyepandikiza kikonyo cha mti mzuri juu ya mche wa kienyeji huchuma matunda ya aina ileile aliyoichagua. Kwa nini mbegu hubadilika na kikonyo hakibadiliki? Aliyetufungulia mlango wa jibu hilo alikuwa padre Mkatoliki wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Tunapenda leo kuyatafakari maisha yake, kwa kuwa yana mengi ya kutufundisha kuhusu bustani na zaidi ya bustani.

Johann Mendel alizaliwa mwezi Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, wakati huo sehemu ya Dola ya Austria, leo katika Jamhuri ya Czech. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mdogo aliyewajibika kufanya kazi katika mashamba ya bwana wake siku tatu za kila juma. Hata hivyo alikuwa na bustani ya miti ya matunda aliyoipenda sana. Paroko wao, Padre Johann Schreiber, aliwafundisha waamini wake kupandikiza miti na kuwagawia vikonyo vya aina bora. Hivyo mtoto Johann alijifunza mapema kazi ya kisu na kamba: kukata kikonyo chenye macho mazima, kukilinganisha na shina changa, kuhakikisha kwamba tabaka la kijani lililo chini ya gamba linagusana pande zote mbili, kisha kufunga kwa nguvu ili maji na hewa visiingie penye jeraha. Tusilipuuze jambo hili. Paroko aliyejali matunda katika nyumba za waamini wake alikuwa, bila kujua, akiandaa elimu ambayo ulimwengu mzima ungeitumia.

Njia ya shule haikuwa nyepesi. Mwaka 1838 baba yake aliumizwa vibaya na mti kazini, na nyumba ikapungukiwa. Kijana alisoma akiwa na njaa, akifundisha wengine ili apate chakula, na mara kwa mara akaugua kwa mahangaiko. Ndipo dada yake mdogo, Theresia, alipotoa sehemu ya mali iliyotengwa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka yake aendelee na masomo. Mendel hakuusahau wema huo. Baadaye aliwasaidia watoto wa Theresia kusoma.

Mwaka 1843 alipokelewa katika Monasteri ya Mtakatifu Thoma mjini Brno, akapewa jina la kitawa la Gregor. Tarehe 6 Agosti 1847, Sikukuu ya Kung'ara kwa Bwana, alipewa daraja takatifu ya upadre. Alipotumwa kuwahudumia wagonjwa, mateso aliyoyaona yalimlemea mno hata yeye mwenyewe akaugua. Mkuu wake, Abati Cyrill Napp, hakumhukumu wala kumwona kuwa padre asiyefaa. Alimtafutia kazi ya kufundisha shuleni, mahali ambapo vipawa vyake vingeweza kustawi. Mkulima mwenye hekima hauchomi mche kwa sababu tu umenyauka juani, huuhamishia kivulini.

Hata huko msalaba ulimfuata. Mwaka 1850 alishindwa mtihani wa kuthibitishwa kuwa mwalimu. Abati alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna, alikosoma kuanzia 1851 hadi 1853. Mwaka 1856 alijaribu tena mtihani ule, na tena hakufanikiwa. Alifundisha kwa miaka mingi, akipendwa na wanafunzi wake, bila kuwa na cheti kamili cha ualimu.

Katika mwaka uleule wa 1856 alianza kazi yake kubwa, katika kipande cha bustani ya monasteri chenye urefu wa mita 35 hivi na upana wa mita 7. Alichagua njegere. Kabla ya hapo alikuwa ametumia miaka miwili kuzijaribu aina 34, ili awe na uhakika kwamba kila aina huzaa watoto wanaofanana na wazazi wao. Kisha akaanza kuzioanisha kwa mikono yake. Alifungua ua kabla halijakomaa, akaondoa sehemu za kiume, akapaka chavua ya mmea mwingine, akalifunika ua kwa kifuko ili wadudu wasiharibu kazi. Alifanya hivyo hadi 1863, akichunguza maelfu kwa maelfu ya mimea.

Alipooanisha njegere za mbegu laini na za mbegu zilizokunjamana, kizazi cha kwanza kilikuwa na mbegu laini tupu. Mtu mwenye haraka angesema kwamba ule mkunjo umepotea. Mendel aliipanda mbegu hiyo, akaiacha ijichavushe yenyewe, kisha akahesabu mbegu zilizozaliwa: 5,474 laini na 1,850 zilizokunjamana. Karibu tatu kwa moja. Mkunjo haukuwa umepotea; ulikuwa umejificha. Akatambua kwamba kila mmea hupokea urithi kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, na kwamba kilichofichika katika kizazi kimoja kinaweza kurudi katika kingine.

Hapo tunalipata jibu la parachichi letu. Mbegu ni mtoto wa wazazi wawili, na huwachanganya upya. Pingili ya muhogo au kikonyo cha mwembe si mtoto. Ni sehemu ya mmea uleule inayoendelea kuishi mahali papya.

Mendel alisoma matokeo yake mbele ya wataalamu wa Brno mwezi Februari na Machi 1865, na maandishi yakachapwa mwaka 1866. Karibu hakuna aliyetambua uzito wake. Alimwandikia profesa mmoja mashuhuri wa Munich, naye hakushawishika. Alipojaribu aina ya maua ya manjano ambayo profesa huyo aliichunguza, hayakufuata kanuni ya njegere. Baadaye ilijulikana kwamba mimea hiyo huweza kutoa mbegu bila kuchavushwa, na watoto wake humfuata mama peke yake, kana kwamba ni vipandikizi. Mendel aliaga dunia bila kulijua hilo.

Mwaka 1868 ndugu zake walimchagua kuwa Abati. Miaka yake ya mwisho iligubikwa na mgogoro na serikali juu ya kodi ya monasteri, ambao aliushikilia hata alipobaki karibu peke yake. Hatusemi kwamba alikuwa mkamilifu. Kanisa halijamtangaza mtakatifu. Lakini hakuiacha miti yake ya matunda wala nyuki wake. Alifariki tarehe 6 Januari 1884, Sherehe ya Tokeo la Bwana. Mwaka 1900, miaka 16 baadaye, wataalamu wa nchi mbalimbali walifikia matokeo yanayofanana na yake, nao wakakuta kwamba mtawa wa Brno alikuwa amewatangulia.

Ndugu wapendwa, wapo miongoni mwetu vijana walioshindwa mitihani na kuitwa wajinga, na wazazi waliopanda malezi mema bila kuona tunda. Maisha ya Padre Mendel yanatuambia tusihukumu mbegu kwa kizazi kimoja. Bwana wetu alizungumza juu ya punje inayoanguka ardhini, na Mtume Paulo akatulinganisha na matawi yaliyopandikizwa katika shina lisilokuwa letu. Tulipobatizwa tulipokea uhai ambao hatukuuzalisha sisi, nasi twaishi kwa utomvu wake.

Basi, mvua zijazo, kila familia na ipande mche mmoja na kuwafundisha watoto kuupandikiza. Na yule mtoto ambaye nyumba imeanza kumkatia tamaa, apewe kisu na kamba asaidie kazi hiyo.