Alfred Nobel: Aliyefiwa na mdogo wake kabla ya kuituliza baruti

Anayenunua chuma chakavu kando ya barabara ya Arua kwenda Koboko hupokea mzigo kutoka mikono mingi. West Nile imepitia vita zaidi ya mara moja, na Ombaci haijasahau Juni 24, 1981, wanajeshi walipowaua raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki. Vita huacha vyuma nyuma yake, na vingine bado vina baruti ndani.

Ni nini hulipua kitu cha namna hiyo: nyundo, moto, au vyote viwili? Swali hilo lilitawala maisha ya Alfred Nobel, mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa tuzo tu.

Nobel alizaliwa Stockholm, Uswidi, Oktoba 21, 1833. Baba yake, Immanuel, alifilisika, akahamia Urusi na kuitafutia familia riziki mpya St Petersburg. Huko kijana Alfred alisoma kemia. Baadaye, alipokuwa Paris, alikutana na Ascanio Sobrero, Mwitaliano aliyetengeneza nitrogliserini kwa mara ya kwanza mwaka 1847. Ni kimiminika kizito kama mafuta, chenye nguvu kuliko baruti yoyote iliyokuwapo. Sobrero mwenyewe alikiogopa.

Nobel aliona biashara. Reli, migodi na mahandaki vilihitaji kupasua miamba. Aliporudi Uswidi mwaka 1863 alianza kukitengeneza, akabuni pia fataki ya kukilipua kwa wakati unaotakiwa. Lakini Septemba 3, 1864, karakana ya familia huko Heleneborg, Stockholm, ililipuka. Watu kadhaa walikufa, akiwemo Emil, mdogo wake Alfred, kijana wa miaka 20.

Hakuacha. Alipokatazwa kufanya kazi hiyo ndani ya mji, aliihamishia kwenye jahazi ziwani.

Tatizo lilikuwa safarini. Nitrogliserini hulipuka kwa kugongwa tu. Ikigongwa, vipovu vidogo vya hewa vilivyomo hubanwa na kupata moto mkali ghafla, na hapo mlipuko huanza. Kama tayari imepashwa joto, kishindo kidogo zaidi kinatosha. Mzigo uliovumilia kutikiswa asubuhi unaweza usivumilie mtikisiko uleule jua likiwa kali.

Baridi nayo ilikuwa na mtego wake. Nitrogliserini huganda ikifika nyuzi 13 hivi za Selsiasi. Wachimbaji wa Ulaya waliiona imekuwa ngumu kama barafu, wakadhani imelala. Wengine waliivunja kwa sururu, wengine waliiyeyusha karibu na jiko. Hatari ilizidi pale ilipokuwa nusu barafu na nusu maji, na wengi walipoteza maisha.

Wafanyabiashara pia waliumia. Aprili 1866, sanduku lililokuwa likivuja lilifika San Francisco, Marekani. Waliolipokea hawakujua kilichomo, wakaanza kulifungua kwa nyundo na patasi. Mlipuko uliwaua watu zaidi ya 10. Mwaka huohuo kiwanda cha Nobel cha Krümmel, karibu na Hamburg, nacho kililipuka.

Jibu lake lilikuwa udongo. Aligundua kwamba udongo mwepesi kama unga, uitwao kieselguhr, hunyonya nitrogliserini na kugeuka donge linaloweza kufinyangwa na kubebwa. Mwaka 1867 alipata hataza, akaliita dainamaiti. Hata hivyo, dainamaiti nayo iliganda kwenye baridi, na ikikaa muda mrefu kwenye joto ilitoa jasho: kimiminika kilekile hatari kikachuruzika nje. Mwaka 1875 Nobel alitengeneza aina nyingine iliyofanana na ute mzito, iliyokishika kimiminika hicho vizuri zaidi.

Alikufa San Remo, Italia, Desemba 10, 1896, bila mke wala mtoto, akiwa na hataza 355. Wosia alioutia saini Paris mwaka mmoja kabla uliacha sehemu kubwa ya utajiri wake kwa tuzo. Fedha hizo zimefika kwetu: kwa Wangari Maathai wa Kenya mwaka 2004, kwa daktari Denis Mukwege wa Bukavu mwaka 2018, na kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, mwaka 2021.

Kwa mnunuzi wa Ombaci, Koboko au ng'ambo ya mpaka, somo la maisha hayo ni la mizani na nyundo. Chuma usichokijua, chenye umbo la chupa, yai au bomba lililozibwa, usikigonge, usikichome, usikianike juani, wala usikipakie garini. Kutu haiondoi baruti iliyomo. Kiache kilipo, zuia watoto wasikaribie, waite polisi. Nobel alikuwa na elimu na maabara, na bado alimzika ndugu yake.